Protus na Roshani Iliyokwisha

Siku mzee Sitati alipofariki kule Sirisia, mwanawe wa kwanza alikuwa Jeddah, amening'inia nje ya ukuta wa nyumba ya watu, kamba kiunoni, akikwangua mavi ya njiwa kwenye dirisha la mbao. Simu ikalia mfukoni. Mtu mwenye akili timamu angeiacha ilie. Lakini Protus Sitati hajawahi kuacha simu ilie, hata akiwa msalani. Basi akaitoa kwa mkono mmoja, mguu mmoja ukiwa hewani, na hapo ndipo ndugu yake Dalmas alipomwambia.

"Mzee ametuacha."

Hakuanguka. Mwingine angeanguka, tukaishia hapa. Alishika mbao akabaki pale kama popo, njiwa wakimtazama.

"Mko naye wapi?"

"Mochari, Bungoma. Wazee wameshakaa. Kaburi litachimbwa, lakini halifukiwi mpaka ufike wewe. Si unajua mambo yetu."

Aliyajua. Kwao, kifungua mimba ndiye hutupa udongo wa kwanza juu ya baba. Asipoutupa yeye, mwingine hathubutu. Na mwingine akithubutu, watu watasema mpaka wajukuu waote mvi kwamba mzee Sitati alifukiwa kama ng'ombe aliyekufa kwa kimeta. Tangu dakika ile Protus hakutaka kitu kingine duniani ila konzi moja ya udongo wa Sirisia. Ila kati yake na konzi hiyo palikuwa na bahari, na jangwa, na karatasi ya ruhusa ya kutoka ambayo ni kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, peke yake anayeweza kuitoa. Pasipoti nayo ilikuwa imelala kabatini kwa kafili huyo huyo.

Sasa msiende mbio. Kwanza mjue alifikaje kwenye ukuta ule.

Alitoka nyumbani mwaka ule ambao kila kijana mwenye miguu miwili alikuwa akipanga foleni kwa maajenti wa Nairobi. Ajenti wake, mtu wa tai nyekundu na viatu vyenye ncha, alimwambia anakwenda kuwa seremala wa hoteli. Alipofika Riyadh, hoteli haikuwepo. Kulikuwa na chumba kule Al-Shumaisi, vitanda juu ya vitanda, na kazi ya kufunga milango kwenye majumba mapya mwisho kabisa wa jiji, mahali ambapo upepo unakuja na mchanga kinywani. Mtu aliyelelewa chini ya Mlima Elgon, aliyezoea kulalamika ikinyesha, sasa aliota matope.

Msimamizi wa kazi alikuwa bwana wa maneno mawili. Asubuhi alisema "yalla", jioni alisema "halas". Yalla ilikuwa jua na vumbi na msumari kidoleni. Halas ilikuwa maji baridi, basi la kurudi chumbani, na mkate wa moto. Protus alilipenda neno hilo kuliko jina lake la ubatizo. Akilala analisema. Na hilo ndilo kosa lenyewe, mtaliona: alilijua neno kwa upande mmoja tu, kama mtu anayemjua jirani yake kwa kisogo, siku akigeuka hamtambui.

Kampuni ile ya milango ilipofilisika, karatasi zake zikahamishiwa Jeddah, kwa mzee mmoja, jina lake Yahya, aliyetaka seremala. Aliyempokea kituo cha mabasi ni Titus, dereva wa familia hiyo, Mkamba wa Mwala, mrefu, mwenye ulimi wa kunyolea ndevu.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye."

"Roshani unazijua?"

"Nani hajui roshani? Tangu shule ya msingi. Si pale nje ghorofani, mtu anaanika blanketi."

Titus alicheka mpaka akaegesha gari pembeni.

"Wewe anika blanketi pale," akasema akijifuta macho, "halafu baba Yahya akuanike wewe."

Nyumba yenyewe ilikuwa katika mji wa kale, kwenye vichochoro ambavyo jua linaingia mara moja kwa siku kama polisi. Ghorofa nne, imeinama mbele kidogo kama mzee anayetafuta miwani. Mwenyewe, Yahya Marzuki, hakuwa akiishi humo. Familia ilikuwa na jumba la kisasa kule Aziziya, lenye viyoyozi na bustani ya plastiki. Lakini kila asubuhi Titus alimleta, akakaa kwenye baraza la mawe mbele ya mlango, akamsimulia Protus nyumba. Kila asubuhi, ile ile. Protus alianza kuielewa kabla hajaelewa Kiarabu.

Msingi, alisema mzee, uliwekwa na babu wa mababu zake, mfanyabiashara wa pilipili manga na vitambaa vya Gujarati, enzi ambazo Mreno alikuwa hajaitia jicho Bahari ya Shamu. Mawe yalikatwa baharini, matumbawe, yakaletwa yangali yananuka samaki. Na kwa kuwa jiwe la baharini ni laini kama muhogo uliochemshwa, mafundi wa zamani walilaza boriti ndani ya ukuta kila baada ya safu kadhaa, nyumba nzima ikafungwa mikanda ya mbao, kama mama aliyejifunga leso kiunoni tayari kwa kazi. Ardhi ikitikisika, ukuta unakata kiuno badala ya kupasuka.

Chini palikuwa ghala. Ngazi zilifanywa pana na fupi ili hamali apande na gunia bila kutukana. Na mlango wa nyuma, huo ndio uliokuwa fahari ya Marzuki, ulifunguka juu ya maji. Mfereji ulitoka baharini ukaja mpaka pale; mashua ziliingia, zikafungwa kwenye pete ya chuma ukutani, mzigo ukapokewa mlangoni mkono kwa mkono. Pete bado ipo. Mfereji haupo; ulifukiwa siku za babu yake Yahya, na leo pale pameegeshwa pikapu za wauza vitunguu.

Juu ya yote, mbele, ndipo ilipokaa roshani. Haikuwa ya blanketi. Ilikuwa chumba kizima cha msaji wa Hindi, kimetokeza nje ya ukuta kama tumbo la tajiri, kuta zake zikiwa vitundu na nakshi tupu. Aliye ndani anaona nje, aliye nje haoni kitu. Mwenye mali alikaa humo juu ya takia, gudulia la maji likipoa kwa upepo, akizitazama mashua zikikata kona kuingia mferejini, akamjua mwizi wa pilipili kabla mwizi mwenyewe hajaamua kuiba.

"Mfereji walifukia," mzee alikuwa akimalizia, akipiga ukuta kwa mkongojo. "Maji hawakuyafukia."

Kweli. Maji yalikuwa bado yamo chini humo, yamekasirika, yanapanda ndani ya mawe kidogo kidogo, na chumvi yake inakula mbao kutoka ndani, kimya, huku nje zikimeta.

Basi, simu ile ilipokatika, Protus alishuka kwa kamba akamkuta mzee barazani. Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kifo hakihitaji sarufi. "Baba yangu, mafi," akasema. Hayupo. Akaonyesha angani, kisha ardhini, kisha akafanya kwa mkono kama anayetupa udongo.

Yahya alimwombea marehemu. Kisha akaeleza naye shida yake, polepole, kama mtu anayemsemesha mtoto: watu wa mji wanakuja kukagua nyumba za kale. Nyumba ambayo roshani yake inasimama itahifadhiwa. Isiyosimama itapigwa alama ya rangi nyekundu, na baada ya rangi ni tingatinga.

"Roshani kwanza," akasema. "Roshani halas, wewe safari."

Hapo ndipo mngemwona Protus anavyofanya kazi. Hakula vizuri, hakunyoa. Alitoa nakshi zilizooza, akachonga nyingine, akazichomeka moja moja. Dalmas alipiga, wazee wanauliza. Akapiga tena, wazee wanauliza kwa ukali. Titus alimletea chakula akakikuta kimekauka pale alipokiacha jana yake.

"Utakufa wewe kabla ya kumzika mzee wako," akamwambia. "Halafu nani atakutupia udongo? Mimi sitaki, mgongo wangu mbovu."

Protus hakucheka. Titus akaanza kuogopa.

Siku Protus alipochomeka nakshi ya mwisho, mzee alipanda mwenyewe ngazi zile za mahamali, akihema. Aliingia katika roshani, akagusa hapa, akagusa pale. Kisha akainua takia, akaichoma kwa mkongojo boriti ya chini, ile iliyotoka ukutani ikabeba tumbo zima. Akasimama ameinamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Roshan halas." Akashuka.

Angeutazama uso wa mzee angejua. Lakini mtu aliyefiwa na baba hutazama mdomo wa anayempa ruhusa, macho hayatazami. Protus alisikia mbingu zikifunguka. Alipiga magoti pale pale juu ya vumbi la mbao, kisha akampigia Dalmas.

"Halas," akamwambia.

"Halasi ndiye nani?"

"Si mtu, wewe. Huku wakisema halas ujue kazi imekamilika, umeachiwa. Naja nyumbani. Waambie wazee Jumamosi."

"Halas," akarudia Dalmas, akionja. Lilimkaa vizuri mdomoni. "Nitawaambia hivyo hivyo. Neno tamu."

Jioni ile Titus alimpeleka Aziziya kuchukua pasipoti, begi lake likiwa kiti cha nyuma limefungwa kwa kamba. Mlango wa jikoni ulifunguliwa na Velma, dada wa Siaya aliyekuwa akiwafanyia kazi za ndani familia ya Marzuki kwa miaka mingi kiasi kwamba madam alimwuliza yeye chumvi ilipo. Alitazama begi kupitia dirisha la gari.

"Kaka, unahama?"

"Naenda kuzika. Baba Yahya amesema roshani halas."

Velma aliweka chini sufuria. "Alisema vipi?"

"Roshan halas."

"Ngoja kwanza," akasema, na sauti yake ikashuka. "Mimi nimempelekea chai sasa hivi. Analia huko ndani na madam. Kaka, hakumaanisha umemaliza. Amemaanisha roshani imekwisha. Imeoza."

"Halas ni kumaliza."

"Na kwisha pia. Kwani Kiswahili chako nacho kimekwisha? Mtu akikuambia soli za viatu vyako zimekwisha, unasherehekea?"

Titus, aliyekuwa ameliacha gari likinguruma, akalizima.

Protus aliingia sebuleni na viatu vyake, jambo ambalo hakuna mfanyakazi aliyewahi kulifanya. Mzee alikuwa ameketi na leso usoni. Alithibitisha kwa kichwa. Boriti ya chini ni unga. Bila boriti mpya, roshani haitasimama, na wakaguzi wako njiani. Seremala mwingine hana. Akasema samahani mara nyingi, na pasipoti ikabaki kabatini.

Ijumaa, Protus alikwenda nyuma ya nyumba, akaketi kati ya pikapu pale mfereji ulipokuwa. Akachota konzi ya ardhi. Ilikuwa mchanga mkavu, wa kijivu. Ulipita katikati ya vidole ukaisha kabla hajafumba mkono. Udongo wa Sirisia ukiufinyanga unakaa, unaacha alama za vidole vyako. Alijaribu tena. Alijaribu mara nyingi, kama kichaa, muuza vitunguu akimtazama. Kisha akapiga simu nyumbani. Angesemaje kwamba mzikeni tu, mimi sina uso? Lilitoka lile neno la huku, kwa maana yake mpya aliyofundishwa jikoni.

"Dalmas," akasema. "Halas."

"Sawa kaka."

"Halas, ndugu yangu. Halas."

Salio likaisha, simu ikakatika. Akakaa na simu sikioni, akisikiliza kitu ambacho hakipo, kisha akaizima asiiwashe tena, yeye ambaye hajawahi kuacha simu ilie.

Jumamosi ilifika ikapita. Protus aliifanya kazi siku nzima bila kuinua kichwa. Alijua saa ambayo jeneza lingetoka ndani. Alijua nani angelia kwa dhati na nani angelia akitupia jicho sufuria. Alijua kuwa mahali fulani mtu mwingine, labda Dalmas, labda ami yake Ephraim, ameinama akashika udongo usiokuwa wake. Kila alipofikia hapo, msumeno ulisimama wenyewe.

Siku chache baadaye alianza kuitoa boriti ile mbovu. Aliegemeza nguzo za mbao chini ya roshani kama alivyojifunza, tatu kutoka kichochoroni na mbili kutoka dirisha la chini, akapanda, akakaa ndani ya chumba kile cha vitundu alipokaa tajiri wa pilipili, akaanza kukata. Boriti ilikatika kama keki. Alichokuwa hajui ni kwamba ile aliyoiona imeoza ndiyo iliyokuwa nzima zaidi. Zile zilizomo ndani ya ukuta, zile leso za kiunoni, zilikuwa zimeshakuwa chumvi tupu. Ukuta ukapumua. Protus alisikia pumzi ile mgongoni, akaruka kurudi ndani ya nyumba.

Roshani haikuanguka mara moja. Ilikaa chini polepole, kama bibi anayeshuka mkekani, nguzo moja ikateleza, ya pili ikafuata, halafu yote ikaenda kwa mkupuo, nakshi za zamani na mpya, takia na gudulia, ikashukia gari la baba Yahya, ambalo Titus, kama kila siku, alikuwa ameliegesha pale chini kwa sababu ya kivuli kizuri.

Titus mwenyewe alikuwa amekwenda kununua mkate. Alirudi, akaona, akakaa chini na mkate wake.

"Mimi nilisema gari lioshwe," akasema. "Sikusema lisagwe."

Hakuna aliyeumia. Vumbi lilipotua, ukuta wa mbele ulikuwa na tundu kubwa la mraba, na harufu ya bahari ikatoka humo, ile ya zamani, kama mfereji ulikuwa umejificha nyuma ya mbao miaka yote.

Mzee Yahya, ambaye siku hiyo alikuwa amebaki Aziziya, aliletwa kwa teksi. Alisimama kichochoroni muda mrefu. Aliinama kwa shida, akaokota kipande kimoja cha nakshi, akakipuliza vumbi, akaketi nacho barazani. Protus alishuka ngazi zile pana akapiga magoti mbele yake. Alijua yanayowapata watu: polisi, kituo cha kuzuiliwa, makafili wanaosahau jina lako ukiwa ndani. Kwa kweli hakujali sana. Aliyekosa konzi moja ya udongo ana nini tena cha kunyang'anywa?

"Baba, samahani."

"Halas," akasema mzee.

Safari hii Protus aliinua uso akatazama macho, maana alikuwa ameshafunzwa. Yalikuwa mekundu, lakini hasira hazikuwemo.

"Halas, Protus. Fundi wa kitu kisichokuwapo wa nini? Nenda kwa baba yako. Mimi nabaki nimzike wangu."

Karatasi ya ruhusa ilitoka wiki iliyofuata. Velma alimpa mahamri yaliyofungwa kwenye gazeti, akamwambia, "Kaka, ukifika uongee Kiswahili tu." Titus alimpeleka uwanja wa ndege kwa gari la kuazima, njia nzima hakumtania, na hilo lilimwumiza Protus zaidi. Alikuwa anarudi nyumbani kutazama kaburi lililofukiwa. Alikuwa na swali moja tu, nalo alitaka kulimaliza kabla hajapanda ndege, asije akaliuliza mbele ya mama. Akaomba simu ya Titus.

"Dalmas, ni mimi. Naja leo. Niambie tu, mlimlaza upande gani wa nyumba? Na nani alitupa?"

"Alitupa nini?"

"Udongo."

"Udongo gani? Mzee yuko mochari."

Protus alikaa juu ya begi lake katikati ya watu wenye mikokoteni.

"Si nilikwambia halas?"

"Ulisema. Tena mara tatu, kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi. Nikasimama mbele ya wazee, nikawaambia kaka amesema halas, kazi imekamilika, yuko njiani. Ami Ephraim akasema basi asubiriwe. Ng'ombe wa Jumamosi tumemla, tumetafuta mwingine. Kaburi tumelifunika mabati lisinyeshewe. Mama anauliza tu uko njia gani hiyo isiyofika."

Titus aliona mabega ya mwenzake yanatikisika, asijue kama ni kilio au ni kicheko, akamshika begani kwa tahadhari kama mtu anayegusa pasi.

"Dalmas," Protus akasema alipoweza. "Nisikilize vizuri. Neno hilo usilitamke tena kwa mtu yeyote mpaka nifike."

"Halas," akasema Dalmas, akakata simu akawaambie wazee.